Fundi wa Simba na Uso wa Baba Yake

Fundi mmoja alikuwa na kazi ya kutengeneza simba. Jina lake Senkondo, na karakana yake ilikuwa kando ya barabara kuu, chini ya milima ya Upare, mahali ambapo malori hupunguza mwendo. Alisuka nondo kwa waya, akazivika saruji, akapitisha mwiko huku na ncha ya kisu kule, na siku ya tisa simba alikuwa ameketi, kifua mbele, kinywa wazi, tayari kupelekwa kwenye geti la mtu mwenye uwezo wake. Alitengeneza tai pia, na tembo, lakini simba ndiye aliyempa jina. Watu walitoka Moshi na Tanga wakimuulizia. Simba mwenyewe hakuwahi kumwona hata siku moja, na hilo halikumkosesha usingizi. Alisema simba wake ni wakali kuliko wa porini, kwa sababu wa porini akishiba hulala, na wake hawalali.

Baba yake aliishi juu mlimani. Mbonea, ndivyo alivyoitwa, alikuwa mtunza mfereji. Huko juu watu hulima kwa maji ya mfereji. Maji hutoka kwenye chemchemi ya msituni, yakaongozwa kwa mkondo mwembamba waliouchimba mababu, yakapita ubavuni mwa mlima hadi kwenye panda, na hapo hugawanyika: nusu huenda kwa watu wa juu na nusu kwa watu wa chini. Ilibidi mtu mmoja aamke kabla ya wenzake, atoe majani, azibe matundu ya fuko, afungue huku na kufunga kule. Mbonea alifanya kazi hiyo tangu hajaoa. Hakuwa na cheo wala hakuitwa kwenye vikao. Maji yalipofika, watu waliyaona maji. Yalipochelewa, ndipo jina lake lilipotajwa.

Mara mojamoja alishuka mjini na mfuko wa maharage kwa ajili ya wajukuu. Aliketi karakanani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawatazama wale simba kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba kubwa. Siku moja aliuliza, "Mwanangu, hawa wanakula nini?"

"Baba, hawa ni saruji."

"Aa. Basi wana nafuu." Akainama, akaokota kipande cha waya kilichotupwa, akakiviringa na kukitia mfukoni, akaaga. Senkondo aliwasimulia wateja maneno hayo, nao wakacheka pamoja. Hakuuliza waya ule ulikuwa unakwenda wapi.

Mbonea alifia kazini. Walimkuta asubuhi ameketi ukingoni mwa mfereji, miguu ndani ya maji, beleshi limelala mapajani. Wakamzika. Baada ya maziko ndugu walitafuta picha yake waitundike ukutani, na picha haikuwepo. Kulikuwa na kitambulisho kimoja tu, kile alichokuwa akikiweka kwenye mfuko wa shati siku zote, na miaka ya kulowa ilikuwa imemla uso wote. Pale pa sura palibaki doa la rangi ya chai.

"Lakini sisi tuna fundi wa sanamu nyumbani," wakasema ndugu. "Senkondo, tutengenezee uso wa baba yako."

"Nipeni wiki mbili," alijibu, tena bila wasiwasi wowote.

Akashuka, akakoroga saruji, akaanza. Uso wa kwanza ulipokauka alimwita dada yake, Nakijwa, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani na mzee miaka yote. Nakijwa aliutazama, akauzunguka, akasema, "Ni kazi nzuri, kaka. Ni nani huyu?" Senkondo akauvunja, akafanya wa pili. Ule ulifanana na mwenyekiti fulani wa zamani. Wa tatu ulifanana na kila mzee wa Upare, kwa hiyo haukufanana na yeyote. Akaupania wa nne, akaukandamiza, akautia mikunjo ya paji na mifupa ya mashavu, na alipousimamisha juani akashtuka: macho yalikuwa ya simba.

Akaketi chini. Akafumba macho amwone baba yake, na alichokiona ni kofia, na mkono ukiokota waya. Uso haukuja. Simba ambaye hakuwahi kumwona alimjua hadi kwenye kucha. Baba yake, aliyekula naye sahani moja utoto wake wote, hakumjua. Naye hakujidanganya, aliliita jambo hilo kwa jina lake. Alisema moyoni, "Sikumsahau. Sikuwahi kumtazama."

Wakati huo mwenye mashine za kusaga pale mjini alikuwa amemwagiza simba wawili wa geti, wawe tayari kabla ya harusi ya binti yake. Senkondo alimwendea akamwambia kazi itachelewa, kwa kuwa anapanda mlimani kumtafuta baba yake.

"Baba yako si mlimzika?" akauliza yule bwana.

"Tulimzika. Sasa namtafuta."

"Harusi hainingojei, fundi. Ukipanda huko, usinitarajie tena."

Senkondo akafunga karakana, akafunga zile nondo alizokuwa amezikata kwa ajili ya simba, akazipandisha mlimani.

Alikuta kijiji kimebadilika. Tangu msiba, hakuna aliyeushika mfereji. Watu wa juu walifungua maji wakati wowote walipotaka, na mashamba ya chini yalikuwa yameanza kuwa ya manjano. Watu wa chini walipanda na mapanga kuja kuuliza, na mmoja wao alirudi ameshonwa bega. Walioimba pamoja kwaya moja hawakusalimiana njiani. Kila upande ulisema upande wa pili una roho mbaya. Hakuna aliyesema Mbonea hayupo.

Senkondo hakuwa amekuja kwa ajili ya maji. Alikuja kwa ajili ya uso. Akaamua kuufuata mfereji tangu kwenye chemchemi mpaka shamba la mwisho, na kumuuliza kila mtu mwenye nyumba kando yake swali moja: baba yangu alikuwa na sura gani?

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mjane, Mama Nambua. Akaegemea mlango, akafikiri. "Sura... Alikuwa anapita mapema sana, mwanangu, bado giza-giza. Lakini ngoja." Akaingia ndani, akatoka na mfuniko wa sufuria ulioungwa mshikio. "Huu alinifungia yeye. Nilikuwa nimeutupa pale mferejini, kesho yake nikaukuta mlangoni."

Senkondo akaugeuza ule mfuniko. Mshikio ulikuwa umefungwa kwa waya, waya umezungushwa mara tatu kuelekea kushoto, na ncha yake imekunjwa kuingia ndani ili isimkwaruze mtu. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Ndivyo alivyozifunga nondo za simba wake wote, mara tatu kushoto, ncha ndani. Mafundi wenzake mjini walimcheka kwa kupoteza muda. Wao huzungusha mara mbili, wakakata. Siku zote alidhani fundo lile ni mtindo wake mwenyewe, alioubuni. Nalo halikuwa lake. Alifundishwa siku asiyoikumbuka, na mtu ambaye hakusema kwamba anafundisha.

"Nipe mfuniko huu, mama," akasema.

"Chukua. Na kama umekuja kuuliza, zamu yangu ya maji ilikuwa Jumatano, mpaka jua lifike kwenye lile jabali. Alikuwa hakosei."

Kuanzia hapo akaenda kama mtu aliyeonjeshwa. Nyumba baada ya nyumba, walianza kumweleza sura wakashindwa, wakaingia ndani wakatoka na kitu. Mmoja alitoa bawaba mbili za mlango wa banda. Mwingine kizibo cha bati alichokatiwa kwa ajili ya kijito chake. Mwalimu alitoa mguu wa dawati uliofungwa pamoja na kipande cha bomba la baiskeli. Vitu vyenyewe vilikuwa vya kutupwa, vyenye kutu, vya kupitwa njiani bila mtu kugeuka. Katika matope ya mfereji Senkondo mwenyewe alichimbua katambuga moja, kiatu cha tairi, na mabapa kadhaa ya majembe yaliyoliwa hadi yakawa membamba kama majani. Na kila mtu alipotoa kitu chake alitaja na zamu yake ya maji, bila kuulizwa, kwa sababu kumkumbuka Mbonea na kukumbuka zamu kulikuwa kumbukumbu moja.

Nyumba iliyo karibu zaidi na panda ilikuwa ya Kallage, na Kallage ndiye aliyesemwa sana huko chini. Alikuwa mtu mzima, mwenye kahawa nzuri na maneno machache. Alimwacha Senkondo asimame uani kwa muda, kisha akaenda nyuma ya nyumba akarudi na jembe lisilo na mpini.

"Hili ni la baba yako," akasema. "Nilikuwa naiba maji. Sasa hivi watu wanasema, lakini mimi niliiba tangu zamani, zamu za watu wa chini. Baba yako alijua. Hakuniita kwenye kikao. Alikuwa akija alfajiri, anaufunga mlango wa maji, halafu anagonga jembe hili kwa jiwe, mara moja, hapo nje ya ukuta wangu. Basi. Anaondoka. Nami kitandani najua kwamba amejua."

"Miaka mingapi, mzee?"

"Mpaka nikaacha. Siku niliyoacha, aliliacha jembe hapa mlangoni." Akampa. "Sura yake siijui, Senkondo. Nilikuwa naona haya kumtazama."

Basi Senkondo akavikusanya vyote uani kwa baba yake, akaanza kujenga. Nondo za simba akazifanya mifupa. Mabapa ya majembe akayapanga yakawa mbavu. Bomba la baiskeli likawa shingo, bawaba zikawa magoti, katambuga likawekwa mahali pake. Beleshi alilokutwa nalo mzee akalitia mikononi. Kila kiungo alikifunga mara tatu kushoto, ncha ndani, na safari hii alijua ni fundo la nani. Hakutia saruji hata kidogo. Alitaka kila kitu kionekane kilivyo, na kutu yake.

Kazi ikamwendea vizuri mpaka shingoni, ikakwama. Kichwa hakikukubali. Akajaribu mfuniko wa Mama Nambua ukiwa uso, ukawa kinyago. Akajaribu kikombe cha bati, akajaribu debe. Akatoboa macho, akayaziba. Siku zikapita. Nakijwa alikuwa akimletea chakula na kukichukua kimepoa. Chini kijijini ilisikika kwamba Jumamosi watu wa chini watapanda wote kwa pamoja, na kwamba safari hii hawatakuja kuuliza.

Ijumaa Nakijwa aliweka sahani chini, akasimama mbele ya ile sanamu iliyosimama wima, kifua mbele, mabega nyuma, bila kichwa.

"Kaka, umemsimamisha kama simba."

"Asimame vipi?"

"Nimekaa naye nyumba moja mpaka siku aliyoondoka. Ukiniuliza uso, nami nababaika kama wengine. Nilikuwa namwona mgongo. Mwinamishe."

Senkondo akakasirika. Alisema baba yake ameinama vya kutosha katika maisha yake, na kwamba yeye, akiwa mwana, hatamweka mzazi wake ameinama mbele ya watu.

"Hakuwa akiwainamia watu," Nakijwa akasema. "Alikuwa akiinamia maji yao."

Akachukua sahani akaenda zake. Senkondo akabaki ameshika koleo. Kisha akapanda juu ya ndoo, akazikamata zile nondo kwa mikono miwili penye kiuno, akazikunja kwa uzito wa mwili wake wote. Chuma kikagoma, kikalia, kikatii. Mabega yakashuka. Mbavu za majembe zikajipanga mgongoni kama ngazi. Beleshi likafika ardhini. Akarudi nyuma hatua tatu, na pale uani, mbele yake, alikuwa baba yake, akifanya kazi.

Akalia, na hakuona haya kulia. Kilikuwa kilio cha mtu aliyefika. Mfuniko wa Mama Nambua akaufunga juu, ukawa kofia. Chini yake, mahali pa uso, akaweka bapa moja tupu la jembe lililong'arishwa na udongo. Hakutoboa macho.

Jumamosi asubuhi na mapema, yeye na Nakijwa waliibeba wakaisimika penye panda ya mfereji, ikiwa imeuinamia mlango wa maji. Habari zikatembea. Waliotoa vitu walitaka kuona vimekuwa nini, na waliopanda na mapanga ilibidi wapite hapohapo. Kwa hiyo watu wa juu na watu wa chini wakajikuta wamesimama pamoja kuzunguka sanamu moja, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Kila mtu akaanza kukitafuta chake. Halafu Mama Nambua akacheka, akasema, "Ule mfuniko wangu!" Na mwalimu akaona mguu wa dawati. Na mtu wa chini, mwenye panga mkononi, akakiona kizibo cha bati cha mamaye, akakigusa.

"Lakini uso uko wapi?" mtu akauliza.

"Upo," Senkondo akasema. "Inameni."

Wakatazamana. Ni vigumu kuinama mbele ya mtu unayegombana naye, hasa kama ameshika panga. Hatimaye Kallage ndiye aliyetoka. Alipiga goti moja, akapiga la pili, akaweka viganja kwenye ukingo, akaingiza kichwa chake chini ya ile kofia. Alikaa hivyo kitambo, na watu wakaona mgongo wake. Kisha wakamwona ananyoosha mkono, anauzamisha majini mpaka begani, anavuta. Likatoka bunda la majani yaliyooza, matope, na mzizi mnene kama mkono wa mtu, vitu vilivyokuwa vimeuziba mlango wa chini tangu mzee alipofariki. Maana ilikuwa hivi: watu wa juu waliiba maji, ni kweli; lakini hata wasingeiba, maji yasingeshuka. Mlango ulikuwa umeziba. Kila aliyepita na hasira alipita akiwa wima, na mtu aliye wima hakuweza kuuona.

Maji yakashuka na kishindo. Walioshika mapanga wakayatazama yakipita miguuni mwao kuelekea kwenye mashamba yao.

Kijana aliyeshonwa bega akaweka panga lake chini akainama upande wa pili, na akatoa bunda jingine. Wakafuata wengine. Mpaka saa sita watu walikuwa wametapakaa kando ya mfereji wote, migongo juu, wakizibua. Walipopumzika, Senkondo akawatajia zamu zote, kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, shamba kwa shamba, kwa kuwa kila mtu alijua yake tu, na yeye alikuwa amezisikia zote. Hakuna aliyebisha. Mtu akisikia zamu ya mwenzake imetajwa sawasawa na yake, huamini.

Hakuna aliyewahi kusema kama aliuona uso au hakuuona. Kallage aliulizwa, akajibu kwamba huko chini hakukuwa na nafasi ya kutazama kitu kingine, kazi ilikuwa nyingi.

Senkondo alishuka, akafungua karakana. Mwenye mashine alikuwa ameshapata simba kwingine, na harusi ilipita salama. Lakini watu walianza kumletea vitu: koleo la marehemu mume, cherehani iliyovunjika ya mama, kengele ya baiskeli. Nao walimuuliza kama angeweza kuwatengenezea watu wao. Alijibu kwamba anaweza, ila kwanza waende wakaulize kwa majirani, kisha warudi. Na kule mlimani mpaka leo hakuna mtunza mfereji. Kila apitaye penye panda, awe wa juu au wa chini, huinama, hutia mkono majini, hutoa jani, huendelea na safari yake.

Nanyi mnaonisikiliza, mmekunywa maji asubuhi hii, na hayakujileta: ni nani aliyeyainamia, na mkiambiwa leo mmchore, mtaanzia wapi?